MZAZI, ULIZA KWANZA ANATENGENEZA NINI



Ndugu zangu wa Chidya, Masasi na Newala, mwanao anakesha kwenye kompyuta akitengeneza gemu, nawe unasema kijana kapotea. Subiri kwanza. Umemuuliza anatengeneza nini?

Msikie Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita Sudan Kusini, naye akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Akatamani kompyuta. Mama yake hakumcheka. Aliweka akiba miaka 3 mpaka dola 300 zikatimia, akamnunulia. Kijana akawa anatembea saa 3 kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu ya mkimbizi anayeitafuta amani, akaiita Salaam. Mwaka 2018 akatambuliwa Marekani kwenye The Game Awards.

Ewe kijana, chombo hakina dhambi, dhambi iko kwenye unachokipakia. Ukitengeneza gemu ya kuwekeana pesa, hiyo ni kamari, na kamari imeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Ukitengeneza yenye kufunza, na swala hukuiacha, hiyo ni riziki ya halali kama korosho za baba yako.

Nawe mzazi, pesa ya korosho ikiingia, usiimalize yote kwenye sherehe. Mama yule alikuwa mkimbizi, na bado aliweka akiba. Wewe una shamba. Udhuru wako ni upi?

Allah atujaalie watoto wenye manufaa. Amin. Mfikishie na mwenzako.