Wasema Uchumi Umepona: Nani Basi Ameshiba?

Tangu ugonjwa wa korona ulipopoa twasikia neno moja kutoka Kinshasa: uchumi wa Kongo umepona. Wenye elimu watuonyesha hesabu. Mwaka 2020 mali ya nchi ilikua kwa 1,7 kwa mia tu. Mwaka 2021 ikakua kwa 6,2 kwa mia. Mwaka 2022 karibu 9 kwa mia. Hesabu hizo si za uwongo. Lakini mganga hapimi homa ya tajiri mmoja na kutangaza kwamba kijiji kizima ni kizima.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Tarehe 24 Machi 2020 Rais Tshisekedi alitangaza hali ya hatari, na mipaka ikafungwa. Siku mbili baadaye gavana wa Kinshasa alisema mji utafungwa, watu wakae nyumbani. Mara ile ile bei za vyakula zikaruka sokoni, na kesho yake gavana akaahirisha amri yake. Tazameni jambo hilo vizuri. Amri ya mkubwa ilishindwa na gunia la muhogo! Hapo serkali ilionyeshwa waziwazi mahali nchi inapoumwa, wala haikuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo kuifasiria.

Ilifanya nini? Ilitafuta mkopo. Aprili 2020 Mfuko wa Feza wa Kimataifa ulitoa dola milioni 363. Julai 2021 ukakubali mpango wa dola miliari moja na nusu. Siwalaumu waliokopa, kwa kuwa nyumba ikiungua mtu huomba maji kwa jirani. Nawalaumu wanaojisifu kwamba mipango yao ndiyo iliyoponya nchi. Uchumi uliinuliwa na shaba. Machi 2020 tani moja ya shaba ilishuka chini ya dola 5.000, Mei 2021 ilipita 10.000. Bei hiyo haikupangwa Kinshasa wala Lubumbashi. Ilipanda kwa sababu viwanda vya mbali viliamka, na itashuka siku vitakapolala.

Na mwaka ule ule wa 2021, hesabu zilipokuwa zikishangiliwa, FAO na PAM walitangaza kwamba Wakongo milioni 27,3 wana njaa kali, ndiyo kusema mtu mmoja kati ya watatu. Hesabu zote mbili ni za nchi moja na mwaka mmoja. Sherti tuzisome pamoja. Papa Yohane XXIII alikwisha kufundisha katika Mater et Magistra, mwaka 1961, kwamba utajiri wa taifa haupimwi kwa wingi wa mali tu, bali kwa namna mali hiyo inavyogawanywa kwa haki.

Mtu atanijibu: mgodi ndio unaoleta feza ya kulipa walimu, hasa tangu shule ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019. Ni kweli. Lakini shaba hailiwi. Sisi wa Haut-Katanga twakaa juu ya madini, na bukari yetu twaingojea kutoka Zambia. Mwaka 2023 Zambia ilipobana mahindi yake, na mwaka 2024 ukame ulipoipiga, mama wa Lubumbashi alijua upesi kuliko waziri yeyote kwamba uchumi haujapona.

Mwaka 2003, kule Maputo, wakubwa wa Afrika waliahidi kuweka sehemu ya kumi ya bajeti zao katika kilimo. Sehemu ya kumi: Mkristu alielewa neno hilo, na alijua pia jinsi ilivyo rahisi kuisahau. Kongo haikutimiza ahadi hiyo, wala kabla ya korona wala baada yake. Ukaja mpango wa wilaya 145, uliotiwa sehemu ya feza ambayo Mfuko uligawia nchi zote Agosti 2021 kwa ajili ya madhara ya korona. Mpango ni mwema. Lakini majengo yalitangulizwa: shule, zahanati, ofisi za wakubwa wa wilaya. Njia za mashamba zikangoja. Nafurahi mtoto apate darasa. Baba yake hata hivyo anasukuma baiskeli yenye magunia mawili siku nzima katika matope, na penye bariere anatozwa faranka. (Bado sijaona tiketi ya bariere iliyotengeneza daraja.) Akifika sokoni faida imekwisha njiani, na mwaka ujao atalima shamba dogo zaidi.

Wengine hupenda kuifananisha serkali na Yosefu wa Misri. Basi wasome mpaka sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Yosefu alijaza ghala wakati wa shibe, sisi twakopa wakati wa njaa. Tena, hata kwa Yosefu, watu walitoa feza, kisha mifugo, mwisho mashamba na miili yao wenyewe ili wapate kula. Anayengoja chakula mlangoni kwa mwingine hana bei ya kusema.

Kwa hiyo wabunge wetu wakirudi vijijini, tusiwaulize tena kama uchumi unakua. Tuwaulize ni daraja gani litakalotengenezwa kabla ya mavuno, na bariere ipi itakayoondolewa, na mwezi gani.