Ukimpeleka mgonjwa Mumbai, usijifungie chumbani

Ni wachache miongoni mwetu ambao hawajawahi kuitwa kwenye mchango wa kumpeleka mtu India. Jamaa huchanga, kanisa au msikiti huongeza, na hatimaye mgonjwa hupanda ndege pamoja na mtu mmoja wa kumshika mkono. Mgonjwa akifika hupokewa na madaktari. Na msindikizaji je? Huyo ndiye ninayemwandikia leo, ingawa mwanafunzi na mfanyabiashara wa nguo nao wanaweza kusikiliza.

Aghalabu msindikizaji hukaa Mumbai majuma matatu au manne akijua njia moja tu, ile ya kutoka nyumba ya wageni hadi wodini. Hula chakula kile kile kila siku, hulipa teksi bei ya mgeni, na hurudi nyumbani amekonda kumshinda mgonjwa. Mimi nimeuzunguka mji huo kwa miguu na kwa treni, na nashikilia kwamba ni mji unaoweza kumwinua mtu moyo kwa fedha kidogo mno, maadamu anajua pa kuanzia.

Kabla ya kuondoka, hakikisheni mna vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo yenyewe idungwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Abiria atokaye Kenya bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na mtu mwenye uvimbe tumboni hana siku sita za kupoteza. Hata hivyo, si kila mgonjwa anafaa kudungwa chanjo hiyo, hasa mwenye kinga dhaifu, kwa hivyo mwulizeni daktari wenu mapema. Viza nazo ni mbili tofauti: mgonjwa huomba ya matibabu, nawe huomba ya msindikizaji. Msiende na ya utalii eti kwa kuwa ni rahisi.

Ukiwa na hiari ya kuchagua majira, nenda kati ya Novemba na Februari. Kuanzia Juni hadi Septemba pepo za kusi huleta mvua ambayo sisi wa bara hatuijui. Mnamo Julai 26, 2005, sehemu moja ya Mumbai ilipata milimita 944 kwa siku moja tu, kiasi kinachokaribia mvua ya Nairobi ya mwaka mzima. Lakini ugonjwa hauchagui majira. Ukilazimika kwenda wakati huo, beba viatu vya plastiki na uache vile vya ngozi nyumbani.

Sasa tuingie mjini. Mumbai, ambao hadi mwaka 1995 uliitwa rasmi Bombay, ni mji mrefu na mwembamba. Zamani ulikuwa visiwa saba, kisha bahari ikafukiwa hadi vikaungana. Wareno, wale wale waliojenga Fort Jesus, ndio waliokuwa na visiwa hivyo kabla ya kumpa mfalme wa Uingereza mwaka 1661 alipomposa binti yao. (Mahari ya kinyumenyume, wazee wetu wangesema.) Kwa kuwa mji ni mwembamba, karibu kila kitu kiko kando ya reli, na hapo ndipo ilipo siri ya Mumbai. Anayeijua treni anaujua mji.

Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondokea hapo mwaka 1853 kuelekea Thane, umbali wa kilomita 34. Leo treni za mjini hubeba mamilioni ya watu kila siku, na nauli ya daraja la pili ni ndogo hivi kwamba utadhani karani amekosea. Njia kubwa ni tatu. Ile ya Magharibi huanzia kituo cha Churchgate, nazo ya Kati na ya Bandari huanzia kituo kikuu ambacho wenyeji wengi bado hukiita VT. Mtaa wa Parel, ulio na hospitali kadhaa kubwa, ikiwemo Tata Memorial ya kansa iliyofunguliwa mwaka 1941, uko kwenye njia ya Kati. Kwa hivyo msindikizaji wa huko anaweza kufika katikati ya mji bila teksi.

Yapo masharti, na usiyapuuze. Asubuhi kati ya saa mbili na saa tano umati wote huelekea kusini, na jioni hurudi kaskazini. Saa hizo usithubutu kupanda. Msongamano wa matatu za jioni hapa kwetu ni mchezo wa watoto ukilinganishwa na ule. Ngoja hadi saa sita mchana uende ukiwa umekaa. Usisimame mlangoni, kwani treni nyingi huenda milango ikiwa wazi na watu hufa kwa kuning'inia. Akina mama wana mabehewa yao, yameandikwa wazi, nao wapande hayo bila kusita. Kisha uliza kama treni ni ya haraka au ya polepole, kwa sababu ile ya haraka huvipita vituo vidogo na utajikuta umefika mbali mno.

Pale VT usikimbilie nje. Simama uitazame stesheni yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1878, yenye kuba na wanyama wa mawe kama kasri la hadithini. Na ukiwa Churchgate kabla ya adhuhuri, utaona wanaume wenye kofia nyeupe wakipanga masanduku ya vyakula barabarani. Hao ndio dabbawala. Tangu mwaka 1890 wamekuwa wakichukua chakula kilichopikwa nyumbani na kukipeleka kwa mwenyewe ofisini kwa treni na baiskeli, wakitumia alama za rangi zilizopakwa juu ya kifuniko. Mimi sijaona kazi nyingine iliyonifurahisha kutazama kama hiyo.

Ukihitaji teksi, chukua nyeusi na njano na umwambie dereva awashe mita. Tuktuk haziruhusiwi sehemu ya kusini ya mji. Utazipata kuanzia Bandra na Sion kwenda kaskazini, basi usipoteze muda kuzitafuta karibu na bahari.

Kuhusu tumbo, Mkenya hatakufa njaa. Chapati, sambusa na chai atazikuta, ingawa si kama za kwetu. Chakula cha mwananchi ni vada pav, yaani kiazi kilichopondwa, kikavikwa unga wa dengu na kukaangwa, kisha kikashindiliwa ndani ya mkate pamoja na chatine. Mtu wa Mombasa aliyelelewa kwa viazi karai ataelewa mara moja. Ule pale unapoona foleni na mafuta yanayochemka, na maji unywe ya chupa uliyoivunja kizibo mwenyewe. Ukitaka nyama, nenda Mohammed Ali Road jioni, hasa mwezi wa Ramadhani, ambapo majiko huwaka hadi usiku wa manane. Nyama ya ng'ombe usiiulizie ovyo. Ng'ombe ni mnyama mtukufu kwa Wahindu, na mwaka 2015 jimbo hilo lilipanua sheria ya kukataza kuchinja hadi ikajumuisha fahali na maksai.

Lugha isikutishe. Kiingereza kitakusaidia hospitalini, na kwingineko utashangaa Kihindi kinavyofanana nasi katika maneno ya kila siku. Sema dawa, sabuni, kalamu, duka au dunia, nao watakuelewa, kwani sote tuliyachukua kwa majirani wale wale. Mtu akitikisa kichwa huku na huku kama anayekataa, mara nyingi amekubali.

Lipo jambo ambalo wenye kusifu safari hulinyamazia. Wapo watu watakaokukodolea macho, na wapo wenye nyumba watakaokwambia vyumba vimejaa mara tu waionapo ngozi yako. Huko ni kudharauliwa, wala hakuna jina lingine. Ndiyo maana nashauri chumba kitafutwe mapema kupitia ofisi ya hospitali inayoshughulikia wagonjwa wa kigeni, ili usitembee mlango kwa mlango na mgonjwa mkononi. Dhidi ya hao, utakutana na muuza chai atakayekumbuka hali ya mgonjwa wako siku ya tatu na kukuuliza ameamkaje.

Ukipata nusu siku, nenda kwenye lango la Gateway of India lililokamilika mwaka 1924, ambalo kikosi cha mwisho cha Waingereza kilipita kikiondoka mwaka 1948. Hapo hupandwa mashua za kwenda Elephanta, mwendo wa kama saa moja, kuona mapango ya kale yaliyochongwa mwambani. Jumatatu hufungwa. Msikiti na kaburi la Haji Ali viko baharini, nayo njia yake humezwa maji yakijaa, basi uliza saa za kupwa kabla ya kwenda. Mikoba hukaguliwa mahali pengi tangu mashambulizi ya Novemba 2008. Fungua wako bila kununa.

Na siku daktari atakapomruhusu mgonjwa kutoka kwa saa mbili tatu, usimpeleke madukani. Chukueni teksi hadi Marine Drive, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepoa. Kuna ukuta mrefu wa kukalia kando ya bahari, hautozwi chochote, na familia nzima nzima za Mumbai huwa zimekaa hapo zikitafuna karanga. Mkalishe mgonjwa wako katikati yao. Kofia na sweta mbebee, maana upepo huo huanza ghafla.