Ufunguo wa tovuti ya redio hautumwi kwa WhatsApp

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wahami wa vita mlio kambini au katika familia zilizowapokea, leo tuongee juu ya kitu ambacho wengi wanawaachia mafundi: ufunguo wa siri wa tovuti. Kinatuhusu sisi wote.

Mama anayetafuta mtoto aliyepotea wakati wa kukimbia anaandika kwenye tovuti ya redio jina la mtoto, umri, namba ya simu na mahali anapolala. Anaamini habari hizo zinafika kwa redio tu. Imani hiyo inasimama juu ya vitu viwili. Kwanza ni cheti, ambacho tovuti inamwonyesha kila mgeni. Pili ni ufunguo wa siri, ambao haonyeshwi mtu. Mwenye kuupata huo ufunguo, akishika pia njia ya intaneti, kwa mfano Wi-Fi ya mahali watu wanapochajia simu, anaweza kuweka tovuti ya uongo kwa jina la redio. Simu ya yule mama haitamwonya.

Hatari inakuja redio inapohamisha tovuti kwenye seva nyingine. Seva za Apache na Nginx zinasoma faili za PEM, ambazo ni maandishi tu. Seva za Windows zinataka faili ya PFX, inayobeba cheti na ufunguo pamoja, ikifungwa kwa neno la siri. Programu nyingi za zamani za Java zinatumia JKS. Hapo fundi anasema: « Nitumie faili, nitakugeuzia. » Mimi pia fundi mmoja aliniomba nimtumie ufunguo kwa WhatsApp. Nilikataa, na ninaomba redio zote za jamii zikatae.

Kugeuza faili ni kama kutoa unga wa muhogo kwenye gunia na kuutia kwenye beseni: unga ni ule ule. Hakuna haja ya kuupeleka kwa jirani. Programu ya OpenSSL inageuza PEM kuwa PFX, na PFX kuwa PEM, bure, kwenye ordinateri ya redio yenyewe, hata intaneti ikikatika. Zile tovuti zinazoomba uwapelekee ufunguo wakugeuzie, tuachane nazo.

Wengine watasema: umeme ni wa saa chache, fundi yuko mbali, tufanye haraka. Ninawaelewa. Lakini mara nyingi hata kugeuza si lazima. Tangu mwisho wa 2015, Let's Encrypt inatoa vyeti bure. Fundi anaweza kutengeneza ufunguo mpya kwenye seva mpya, na ule wa zamani usisafiri hata kidogo. Na kama ufunguo umekwisha kupita kwenye simu za watu, kufuta ujumbe hakutoshi. Tengenezeni mwingine, ombeni cheti kipya, na cha zamani kibatilishwe.

Kwa hiyo wakurugenzi wa redio waandike wazi ni nani anayeshika ufunguo. Siku mtu huyo anapoacha kazi, ufunguo ubadilishwe, kama vile tunavyobadilisha kufuli ya studio. Na ninyi familia, kabla ya kuandika jina la mtoto wenu kwenye tovuti yoyote, mna haki ya kuuliza: ufunguo wa hapa anao nani? Redio isiyoweza kujibu isiwaombe majina.