Tusiwaandikie Watoto Hotuba Zao

Jamaa zangu, naomba nafasi ndogo katika kitabu chetu cha mwaka huu niseme neno juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi hapa Maskati. Mwalimu wa lugha humpa mwanafunzi dakika 3 asimame mbele ya wenziwe azungumze, iwe kwa Kiarabu au kwa Kiingereza. Basi usiku wake nyumba nzima haina raha. Baba huandika, ami husahihisha kwa simu, mama humsikiliza mtoto mpaka saa nne. Asubuhi mtoto huenda skuli na hotuba ya watu watatu, na yeye mwenyewe hamo.

Mimi sioni kuwa huko ni kumsaidia.

Najua tabia hii imetoka wapi. Sisi tulisoma chuoni, tukahifadhi, na kuhifadhi kule ndiyo haki yake, kwani maneno ya Mwenyezi Mungu hayabadilishwi hata irabu moja. Lakini hotuba ya darasani si sura. Mtoto akisahau neno moja katika mstari wa tatu, yote yaliyobaki humkimbia, akabaki kutazama dari. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewaona wengi wa namna hiyo, na baadhi yao walikuwa na akili kuliko wale waliojikongoja kwa maneno yao wenyewe wakafika mwisho.

Naachague jambo analolijua kwa mikono yake, kama kupika mkate wa ufuta na bibi yake. Aandike maneno matano au sita kwenye kijikaratasi, sentensi asiandike. Kisha alizungumze kwa sauti mara nne au tano, na kila mara kwa njia nyengine. Hapo ndipo mashimo yataonekana. Kiarabu kina mitego yake kwetu sisi Waswahili. Sisi husema somo rahisi. Mtoto akilipeleka neno hilo kwa Kiarabu vile vile, atakuwa amesema somo la bei ndogo, kwani rakhisi ya Waarabu ni ya bei tu, na wepesi wanauita sahli. Na kitabu, tulichokitia sisi katika ki na vi, kwao wingi wake ni kutub. Mitego hii mtu huijua kwa kunasa mguu wake mwenyewe.

Liko jengine linaloniuma zaidi. Nasikia wazazi wakisema Kiswahili kikomeshwe nyumbani ili Kiarabu cha watoto kisafike. Jamaa waliorejea Oman baada ya 1970, wengi wao walikuja na Kiswahili na Kiingereza, na Kiarabu cha baadhi yao kilikuwa cha msikitini tu. Waliingia maofisini, hospitalini na maskulini, wakafanya kazi, wakajifunza humo humo. Mtoto anayeweza kumsimulia bibi yake jambo kwa mpango, likawa na mwanzo na mwisho, ameshapata nusu ya hotuba. Iliyobaki ni msamiati. Asiyekuwa na lugha ya kuzungumza na bibi yake, hotuba ataitoa wapi?

Basi Idi hii tutakapokusanyika, kabla ya halua na kahawa, tuwape watoto dakika tatu tatu. Wazungumze kwa Kiswahili, bila karatasi, na wakubwa tusiwakatize mpaka wamalize. Nadhani maami ndio watakaopata tabu kunyamaza.