Bugolobi Ina Njia ya Kukimbia, Inasubiri Wenyewe

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla foleni ya Port Bell Road haijaanza, Bugolobi ni ya wenye miguu. Sokoni matoke yanashushwa. Walinzi wa zamu ya usiku wamesimama malangoni wakisubiri kupokewa. Wakimbiaji wawili watatu wanakipanda kilima cha Bandali Rise, pumzi juu juu, jasho la kwanza likianza kuonekana mgongoni. Upande wa pili wa barabara ni Mbuya yenye kambi ya jeshi, na jeshi la Uganda lina mchakamchaka wake: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na Kiswahili ndicho kinachoshika hatua.

Saa moja ikifika, mambo yamegeuka. Gari limeegeshwa tairi mbili juu ya njia ya waenda kwa miguu. Hatua tano mbele, mtaro hauna mfuniko, na msamaria mmoja ametumbukiza tawi la mti ndani yake ili wapita njia waone shimo. Tawi limekwisha kukauka. Anayekimbia hana budi kushuka barabarani, kati ya teksi inayotafuta abiria na bodaboda inayotafuta upenyo.

Hata hivyo, sehemu chache za Kampala zimejaliwa ardhi kama hii. Anayeanzia kwenye maghorofa ya Bugolobi anaweza kupanda hadi Luthuli Avenue, yenye jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, na kukuta kivuli cha miti na lami tulivu. Akivuka Port Bell Road anakutana na mwinuko wa Mbuya. Kutoka hapo anateremka Kitintale, anapanda Mutungo, na juu ya Mutungo ziwa linamfungukia mbele ya macho. Kisha ni mteremko wa Luzira hadi Port Bell, bandari iliyopewa jina la Hesketh Bell, gavana wa enzi za Waingereza. Huo ni mji, kilima na pwani ya Ziwa Victoria katika mbio za asubuhi moja, tena kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ambayo mapafu huijua haraka.

Chini ya vilima hivyo kuna mafunjo. Mtaro wa Nakivubo unabeba maji machafu ya katikati ya mji hadi kwenye kinamasi kati ya Bugolobi na Luzira, na kutoka hapo yanaingia katika ghuba ileile ambamo mitambo ya Ggaba inateka maji ya kunywa ya Kampala. Mtambo wa kusafisha majitaka uliojengwa Bugolobi umesanifiwa kuhudumia lita milioni 45 kwa siku, na kazi inayobaki inaachiwa mafunjo. Anayepita kandokando ya bonde hilo asubuhi huwaona korongo wanaoitwa kaloli wamesimama kama wazee wa baraza, shingo zimeingia mabegani. Huona pia kavera, mifuko ya plastiki, zilizonasa kwenye mizizi, na vifusi vya ujenzi vinavyomwagwa usiku ili kinamasi kigeuke kiwanja polepole.

Kwa hiyo njia ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuihesabu kuwa yao.

Mara nyingi mjadala wa mbio Uganda huishia kwenye medali, na medali zipo za kujivunia. John Akii-Bua alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82. Ikapita miaka 40 kabla Stephen Kiprotich hajaleta nyingine, ya marathoni, kutoka London. Baadaye wakaja Peruth Chemutai na Joshua Cheptegei mjini Tokyo, na Cheptegei tena Paris mwaka 2024 katika mita 10,000. Kiprotich, Chemutai na Cheptegei ni watu wa Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako mtoto hutoka mlangoni na kukuta njia ya udongo isiyo na gari juu yake.

Lakini wengi wanaohitaji njia ya Bugolobi hawatafuti medali. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Serikali ya Uganda nayo ilizindua Siku ya Taifa ya Mazoezi tarehe 8 Julai 2018. Kuna pia wale ambao hakuna anayewaita wakimbiaji: vibarua wanaotoka Kitintale na Namuwongo alfajiri kwenda kwa miguu hadi viwandani, wanafunzi wenye mabegi, mama mwenye beseni la ndizi kichwani. Wote wanapita ukingo uleule wa barabara, na mtaro usio na mfuniko hauchagui kati ya kiatu cha mbio na kandambili. Ndiyo maana hili haliwezi kuachiwa wenye nyumba za kilimani peke yao. Mkazi wa Luthuli na mkazi wa bondeni wana shida moja, na wakiizungumza kwa sauti moja ni vigumu kupuuzwa.

Majirani wamekwisha kuonyesha kuwa inawezekana. Nairobi, Januari 1999, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Baadaye wakazi waliunda chama cha marafiki wa msitu huo, wakashirikiana na idara ya misitu kuuzungushia uzio, na mwaka 2011 Karura ikafunguliwa tena kwa umma. Leo wanaokimbia humo wana zaidi ya kilomita 50 za njia. Kigali, kinamasi cha Nyandungu kilichokuwa kimeharibiwa kilirejeshwa na kufunguliwa mwaka 2022 kama bustani ya hekta 121, yenye njia za miguu na za baiskeli. Na London, tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilomita tano bila kiingilio katika bustani ya Bushy. Desturi hiyo ya kila Jumamosi imeenea katika nchi nyingi, ikiendeshwa na watu wa kujitolea.

Buganda haina haja ya kuazima jina la kazi ya namna hii. Bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi, ndiyo iliyokuwa ikifungua njia na kusafisha visima kabla halmashauri yoyote haijaundwa. Wakazi wa Bugolobi, Mbuya, Kitintale, Mutungo na Luzira wanaitwa kuirudisha, Jumamosi moja ya kila mwezi.

Wenyeviti wa halmashauri za mitaa (LC1) waitembee njia yote kwa miguu pamoja na wakazi, mtu mmoja akiwa na daftari na mwingine akiwa na simu ya kupiga picha: kila mtaro ulio wazi, kila taa isiyowaka, kila mahali njia inapokatika. Orodha hiyo ipelekwe kwa mamlaka ya jiji, KCCA, pamoja na ramani na sahihi za wakazi. Kutengeneza barabara ni wajibu wa mamlaka, na dai lenye namba ya nguzo ya taa halijibiwi kwa maneno matupu. Wenye maduka na mikahawa wawaombe wateja wao waache ukingo wazi, na waanze na magari yao wenyewe. Vijana wa steji za bodaboda, ambao wapo barabarani kabla ya wote, washirikishwe katika ulinzi, kwani wanawake wengi hawakimbii alfajiri kwa sababu ya giza na hofu ya kuporwa. Vikundi vitoke pamoja saa inayojulikana, ili asiwepo wa kukimbia peke yake kwa kukosa mwenzi.

Kinamasi kisijengewe lami hata kwa ajili ya mbio. Katiba ya 1995 inasema serikali inashikilia maziwa na ardhioevu kwa niaba ya wananchi, na kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Njia ya mguu ya udongo pembeni ya mafunjo, penye ardhi kavu ya umma, inatosha. Na anayekimbia hapo kila siku ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona lori la kifusi.

Siku ya mazoezi huangukia Jumapili ya pili ya Julai, kwa hiyo kuna tarehe ya kulenga. Vifaa vya Jumamosi ya kwanza vinapatikana nyumbani: chepeo, mapanga ya kufyekea, magunia ya kuokotea kavera, debe la rangi nyeupe la kuchora alama kwenye mawe. Wakutane sokoni saa kumi na mbili asubuhi. Waanzie pale penye tawi kavu, walitoe mtaroni na kuweka mfuniko, kisha wapande kilima.