Sarafu ya Tembo Isiyeyushwe

Hapa Chunya hata mtoto mdogo ajua kuuliza, "Gramu ngapi?" Tangu dhahabu ilipoonekana katika bonde la Lupa mwaka 1922, mzani ndio hakimu wetu. Sina ugomvi na mzani; madaftari ya wengi wetu yamenunuliwa nao. Lakini iko dhahabu ambayo mzani hauijui thamani yake.

Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani waliotawala nchi hii walikuwa wamefungiwa njia ya bahari na fedha za kulipia watu zikawapungukia. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika Singida ya leo, wakagonga sarafu za rupia 15 ndani ya karakana ya reli, Tabora. Zilikuwa kama 16,000 tu. Upande mmoja una tai. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, na nyuma yake mlima.

Ilinganishe na faranga 20 ya Ufaransa ya karne ya 19, ipendwayo sana na wakusanyaji wa Ulaya. Hiyo ina gramu 6.45, na sehemu tisa katika kumi ni dhahabu. Ya Tabora ni nzito kidogo, kama gramu 7.2, ila robo yake si dhahabu. Kwa sonara, basi, Mfaransa ndiye bora. Lakini faranga ziligongwa kwa mamilioni, na mkusanyaji huilipia sarafu ya tembo mara kadhaa zaidi. Anayeiyeyusha apate gramu zake hujinyang'anya mwenyewe, nasi hutunyang'anya ukurasa wa historia.

Najua neno "rupia" laamsha tamaa. Matapeli huzunguka na hadithi za hazina ya Mjerumani, na wazee wameuza ng'ombe kwa ajili yake. Basi tujifunze kutazama. Rupia nyingi zilikuwa za fedha, si dhahabu. Na Tabora hiyohiyo, mwaka huohuo, iligonga heleri 20 za shaba nyeupe na nyekundu. Ile ya manjano yenye taji hung'aa ikisuguliwa, lakini si dhahabu hata chembe. (Nayo isisuguliwe! Majivu na mchanga huila sura yake.)

Wako wasemao kukusanya sarafu ni mchezo wa matajiri. Sikubali. Bibi zetu wengi wanazo senti kumi za Afrika Mashariki, zile zenye tundu, ndani ya kibweta. Hizo zatosha kuanzia. Naomba shule itupe kabati moja lenye kioo na kufuli katika chumba cha historia. Atakayeleta sarafu aandike mwaka wake, mahali ilipopatikana, na jina la mwenyewe, ili akiitaka arudishiwe.

Mwanafunzi, Kidato cha III