Tope Lililotupwa



Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba utajiri wa madini ni bahati tu: mwenye bahati hujikwaa juu ya jiwe akatajirika, na msomi hubaki na vitabu vyake. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikukubali, na kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha, naomba nafasi hapa nimjibu kwa habari ya mgodi mmoja mashuhuri wa dhahabu na fedha, yaani Comstock, uliokuwa Virginia City katika jimbo la Nevada, Marekani.

Mwaka 1859 wachimbaji wawili, Peter O'Riley na Patrick McLaughlin, walikuwa wakichimba kishimo cha kuwekea maji ya kuoshea mchanga wao. Wakakuta udongo wenye dhahabu. Mtu wa tatu, Henry Comstock, akapita, akadai kwamba mahali hapo ni pake, na kwa maneno mengi akapewa sehemu. Hiyo ndiyo bahati, nami siikatai. Lakini dhahabu ile ilichanganyika na tope zito la rangi ya buluu, lililowasumbua sana katika kuosha. Wakalilaani na kulitupa kando. Baadaye vipande vyake vilipelekwa California, ng'ambo ya milima, kwa mtu ajuaye kupima madini. Akapima, akaona kwamba tope lile limejaa fedha, tena thamani ya fedha hiyo yaipita ile ya dhahabu.

Kwa nini hawakuitambua? Kwa sababu dhahabu haishikani upesi na vitu vingine. Hung'aa hata ikiwa matopeni. Fedha hushikana na salfa ikawa nyeusi, isifanane kabisa na fedha tuijuayo. Elimu ya miamba yatueleza pia jinsi ilivyofika pale. Yapata miaka milioni 14 iliyopita, nchi ile ilikuwa ya volkeno. Ardhi ikapasuka, upande mmoja ukateremka, na maji ya moto yakapanda katika ufa ule yakichukua madini yaliyoyeyuka. Yalipopoa yaliyaacha humo, ndani ya mwamba mweupe wa kwatzi. Kwa hiyo mali haikutapakaa ovyo. Ilifuata ufa, hapa nyingi, pale hapana kitu.

Sasa tutazame nani alifaidi. McLaughlin aliuza sehemu yake kwa dola 3,500, na Comstock kwa dola 11,000 hivi. Comstock alikufa mwaka 1870 akiwa maskini, ingawa mgodi wachukua jina lake hata leo. Katika miaka ishirini na kitu ulitoa mali ya dola milioni 300 hivi. Mwamba wenye madini ulipoonekana kuwa mpana na laini, hata nguzo za kawaida zikashindwa kuuzuia usiwaangukie watu, mhandisi Philip Deidesheimer alibuni, mwaka 1860, fremu za miti zilizounganishwa kama masega ya nyuki. Na mwaka 1873 John Mackay na wenzake walilifikia fungu kubwa kuliko yote, futi 1,200 hivi chini ya ardhi. Mackay hakuzaliwa tajiri. Alitoka Ireland, akaanza kwa kibarua mgodini, akajifunza kazi. Namwuliza mwenzangu wa mdahalo: ni nani ajikwaaye juu ya jiwe lililo futi 1,200 chini?

Ndugu zangu, nasema haya kwa kuwa kila mwaka naona wenzetu wakiikimbia kemia, wakidai kwamba haina faida kwa mtu asiyetaka kuwa daktari. Si lazima sote tuwe wahandisi. Lakini auzaye kitu asichokipima amekwisha kupunjwa kabla ya bei kutajwa, na nchi zetu zina mawe mengi ambayo wenyeji huyakanyaga bila kuyajua. Nanyi mliotutangulia, mlio kazini sehemu mbalimbali, tuleteeni mawe ya huko mliko, tuyaweke katika chumba cha sayansi tujifunze kuyapima.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Tusikubali wajukuu wetu waseme, penye madini hapana wapimaji.